Umetazama Katikati, Mama

Februari 4

Mwanangu,

Salamu zikufikie huko kwenye baridi yako. Hapa wote wazima. Presha ya baba yako imetulia, ila redio yake haijatulia, na goti langu linalalamika kila ninapopanda ngazi za ofisini. Wewe je? Unakula? Kile kikohozi kimeisha? Usinijibu kwa neno moja kama kawaida yako.

Nina shida, na safari hii shida yenyewe ni ya upande wako. Mkurugenzi wetu mpya ameletewa mtu anayeuza kompyuta ya kwanta. Si kwamba tunanunua mashine yenyewe, iko mbali huko, tutalipia kuitumia kwa mtandao. Mtu huyo anatabasamu hata anapopiga chafya, kwa hiyo hapa chumbani kwetu ofisini tumembatiza Bwana Meno. Anasema mashine yake itapanga safari za malori yetu yote ya dawa, kutoka ghalani mpaka kila zahanati, kufumba na kufumbua, kwa sababu "inajaribu majibu yote kwa wakati mmoja." Mkurugenzi alitoka kwenye mkutano ule kama mtu aliyekubaliwa posa.

Unajua ni nani anayezipanga safari hizo sasa. Ni programu yangu. Niliiandika wewe ukiwa shule ya msingi, nimeitia viraka mpaka kitambaa cha kwanza hakionekani, lakini dawa zinafika. Wakinunua hiyo kwanta, programu inazimwa na chumba chetu kinafungwa, mimi na wenzangu wanne. Sasa sikia kichekesho. Kanuni inataka mkuu wa programu athibitishe kwa sahihi yake kwamba kinachonunuliwa kinafanya kazi. Mkuu wa programu ni mimi! Yaani ama nitie sahihi nijichimbie kaburi, ama nikatae watu waseme bibi anatetea tumbo lake. Mkutano ni mwezi ujao.

Kukataa naweza, ila siwezi kukataa kitu nisichokijua. Nimesoma mtandaoni mpaka macho yanawasha. Kila mahali ni sarafu inayozunguka hewani na paka aliyekufa ambaye hajafa. Jamani, mimi naandika programu, paka nimfanyie nini? Nieleze kama unavyomweleza mwandika programu mwenzio: kwenye kumbukumbu kuna nini, amri zinafanya nini, jibu linatokaje. Mficha uchi hazai, ndiyo maana namuuliza niliyemzaa.

Mama yako


Februari 9

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, nakula, kikohozi kimeisha. Hayo ni maneno zaidi ya moja. Mpe baba pole.

Barua yako niliisoma maabara nikacheka mpaka wenzangu wakaniuliza kulikoni. Halafu nikaacha kucheka. Miaka yote nafanya kazi hii, na leo ndiyo mara ya kwanza unaniuliza inahusu nini. Wakikuuliza majirani unasema "yupo na mambo yake ya kompyuta." Haya, ngoja nikueleze.

Biti yako ni sifuri au moja. Kyubiti, ambayo ndiyo biti ya kwetu, ni vekta yenye urefu wa moja katika nafasi ya namba changamano yenye pande mbili. Kyubiti zikiwa nyingi unazidisha nafasi zao. Amri ni matriksi zinazoizungusha vekta bila kubadilisha urefu wake. Kupima ni kuiangusha juu ya mhimili mmojawapo. Ndiyo hivyo tu, hakuna uchawi. Nimekuambatishia kurasa arobaini za utangulizi. Ni rahisi.

Kitinda mimba wako


Februari 11

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia kwamba ni rahisi.

Kurasa arobaini! Nimefika ya pili nikakuta herufi ambazo nadhani zimetungwa makusudi kunikomoa. Nilimpa baba yako azione, akazigeuza juu chini, akarudia ushauri wake wa siku zote: izimeni, muiwashe tena. Huyo naye ni wa kumshukuru, angalau nilimwelewa.

Na hilo la majirani usinibebeshe peke yangu. Mara ya mwisho nilipokuuliza ulinijibu "ni ngumu kueleza, mama." Nikaacha. Sasa naona hukuwa unanidanganya.

Nisikilize. Mimi nikiandika programu nina kisanduku, ndani kuna namba. Nikisema ongeza, inaongezeka. Nikisema onyesha, inaonyesha. Kisanduku chako kina nini ndani? Kama kina sifuri na moja kwa pamoja, nikikiomba jibu kinanipa lipi? Na kama mashine inajaribu majibu yote, yale mabaya yanakwenda wapi? Nijibu hayo kwa Kiswahili cha mtu aliye hai. Ukinitajia tena vekta nakupigia simu saa za kazi, na nitaongea kwa sauti wenzako wanisikie.

Mama yako


Februari 19

Mama,

Shikamoo. Goti vipi? Mimi mzima ila zamu yangu kwenye mashine imeahirishwa tena, kwa hiyo leo usinichokoze.

Nimekuelewa. Sahau vekta.

Chukua kila jibu linalowezekana, liandikie namba pembeni. Namba hiyo tuiite uzito. Kyubiti moja ina majibu mawili, sifuri na moja, na kila moja lina uzito wake. Ukiongeza kyubiti moja, idadi ya majibu inakuwa maradufu, ukiongeza nyingine, maradufu tena, kwa hiyo hata kyubiti chache zina orodha ndefu ajabu. Amri zetu kazi yake ni kubadilisha uzito wa majibu yote ya orodha hiyo. Na siri nzima iko hapa: uzito unaweza kuwa wa kujumlisha au wa kutoa. Njia mbili zikifika kwenye jibu lilelile, moja ina kujumlisha na nyingine ina kutoa, zinafutana na jibu hilo linatoweka. Mwandika programu wa kwetu anahangaika na jambo moja tu, kupanga amri ili majibu mabaya yafutane na mazuri yaongezeane. Umeniuliza mabaya yanakwenda wapi. Yenyewe hayaendi popote, mama, wewe ndiye unayeyafuta.

Ukipima unapata jibu moja tu, la bahati, ila lenye uzito mkubwa ndilo lenye nafasi kubwa ya kutokea. Mengine yote yanapotea palepale. Kwa hiyo Bwana Meno wako amekwambia nusu. Kama hukupanga namna ya kufuta, utachomoa jibu lolote tu kama karatasi kwenye kofia.

Waombe akaunti ya majaribio, ujaribu programu ndogo kuliko zote. Kyubiti moja, ianze sifuri. Toa amri ya kuchanganya, halafu amri ileile ya kuchanganya tena, halafu pima. Amri ya kwanza inakupa sifuri na moja nusu kwa nusu. Ya pili utadhani itazidi kuvuruga, lakini wapi! Inarudi sifuri, karibu kila mara, kwa sababu njia mbili za kufika kwenye moja zimefutana. (Nasema karibu kwa kuwa mashine zetu bado zina makosa madogo madogo.) Ukiielewa hiyo umeielewa kazi yangu.

Mwanao


Machi 14

Mwanangu mpenzi,

Keti kwanza. Umeketi? Hatujambo, tena sana. Mama yako amemtoa mtu kijasho.

Akaunti walinipa. Nikaandika programu yako kama ulivyosema: changanya, changanya, pima. Na kwa vile mimi si mwanafunzi wa jana, baada ya kila amri nikatia mstari wa kunionyesha kilichomo. Ndivyo nilivyofanya maisha yangu yote ya kazi, maana programu usiyoitazama hatua kwa hatua ni mbuzi kwenye gunia. Nikaiendesha mara mia. Nilitegemea sifuri tupu. Nikapata nini? Nusu sifuri, nusu moja! Nikarudia kesho yake, na kesho kutwa yake, yaleyale. Mwanangu, hiyo sarafu ninayo kwenye pochi, sihitaji mtandao.

Siku ya mkutano nikaonyesha kila kitu ukutani. Nikasema, "Hii ni hesabu ndogo kuliko zote, jibu lake linajulikana, na mashine inabahatisha. Mnataka ibahatishe na dawa za wagonjwa?" Bwana Meno akafumba mdomo, ndipo tukajua kumbe ana midomo. Mkurugenzi akamgeukia, naye akasema atawasiliana na wataalamu wake. Nami moto ulikuwa umeniwaka, nikamalizia: "Hii kwanta ni utapeli uliovaa koti jeupe." Watu wakapiga makofi! Mhasibu, ambaye huwa hata salamu anaitoa kwa kupima, alinikumbatia. Ununuzi umesimamishwa mpaka kikao cha mwezi wa tano, na wenzangu chumbani wamenunua keki.

Pole sana kama na nyinyi huko mmedanganywa. Kama mambo si mambo, rudi nyumbani. Mtu mwenye kichwa chako hakosi kazi.

Mama yako mshindi


Aprili 6

Mama,

Shikamoo. Natumaini nyote wazima. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilipoanza kuandika nilianza kwa kupiga kelele.

Umetazama katikati, mama.

Ule mstari wako wa kuonyesha ndio kupima kwenyewe. Kwenye mashine hii hakuna kutazama bure. Baada ya amri ya kwanza, sifuri na moja zote zilikuwa hai, kila moja na uzito wake. Ukachungulia. Mashine ikalazimika kukupa moja tu kati ya hizo, nyingine ikafa palepale. Amri ya pili ikaja ikamkuta mtu mmoja badala ya wawili, afutane na nani? Basi ikaichanganya hiyo moja iliyobaki, ukapata nusu kwa nusu. Mashine haikubahatisha, ilifanya sawasawa ulichoiambia. Toa mstari ule uone.

Na kabla hujauliza, maana nakujua, hapana, huwezi kunakili kwanza kisha ukatazama nakala. Kyubiti iliyo katikati ya kazi hainakiliki. Huo si ubovu wa mashine, ndivyo maumbile yalivyo.

"Utapeli uliovaa koti jeupe." Hilo koti nalivaa mimi, mama. Nimekesha humu ujana wangu wote. Na ulisema mbele ya watu, na wakakupigia makofi, na ukaniandikia kwa furaha.

Haya, nimetulia. Bahati nzuri ni kwamba ulichoamua ni sahihi, ushahidi wako tu ndio mbovu. Mashine za leo ni ndogo na zinakosea mno, na kwa safari za malori bado hakuna ajuaye jinsi ya kuyafuta majibu mabaya mpaka mashine ikaishinda programu kama yako. Mmeepuka hasara. Kwa hiyo nakuomba jambo moja: nyamaza. Bwana Meno hajui ulipokosea. Hao wataalamu wake sijui kama wapo. Hakuna atakayekuuliza. Liache lipite, mbaki na chumba chenu.

Mwanao


Aprili 8

Mwanangu,

Marahaba. Wazima, ukiniondoa mimi.

Nimeutoa mstari. Sifuri. Sifuri. Sifuri. Moja moja huku na huku, hayo makosa yenu madogo madogo, kisha sifuri tena mpaka chini.

Kwa nini hukuniambia? Najua utasema uliniambia, nimerudi kusoma, nimeiona: "mengine yote yanapotea palepale." Umeitia katikati ya maneno mengine kama mtu anayeagiza chumvi! Kwa mwandika programu hilo ndilo la kuandikwa juu kabisa, kwa wino mwekundu, USITAZAME. Nani katika dunia hii amewahi kuharibu hesabu kwa kuitazama? Mimi nimeishi kwa kutazama! Nimekukasirikia, nimejikasirikia, na hiyo mashine ndiyo kabisa.

Mama yako


Aprili 20

Mama,

Shikamoo. Kweli ningelisema kwa sauti zaidi, nisamehe. Lakini hujanijibu lile la kunyamaza. Utanyamaza?

Mwanao


Mei 11

Mama,

Shikamoo. Siku hizi hujibu hata ujumbe. Nimempigia baba, anasema "mama yako yupo, ananung'unika peke yake mbele ya kompyuta." Kikao ni lini? Mama, nakuomba, kaa kimya. Nijibu basi.

Mwanao


Mei 27

Mwanangu,

Salamu nyingi. Baba yako mzima. Goti litapata nafuu kwa kuwa halitapanda tena ngazi, na sababu yake ndiyo hii nakueleza.

Kikao kilikuwa jana. Nilisimama kabla hakijafunguliwa vizuri. Nikasema jaribio langu la mwezi wa tatu lilikuwa na kosa, na kosa ni langu, si la mashine. Nikaionyesha programu ukutani, kwanza ikiwa na mstari wangu, kisha bila mstari. Nikawaeleza uzito wa kujumlisha na wa kutoa. Mhasibu alielewa, nilimwona usoni. Nikasema mashine hii ni ya kweli, na wanaoihangaikia ni watu wa kweli, na lile neno nililosema juu yao nimelifuta.

Halafu nikasema: lakini kwa malori yetu haifai. Nikamgeukia Bwana Meno. "Ukishajaribu hayo majibu yote kwa wakati mmoja, yale mabaya utayafutaje?" Akatabasamu. Akasema hilo ni suala la kiufundi.

Nikadhani nimemkamata, kumbe nimemkabidhi fimbo. Akasimama akawaambia, "Mmesikia wenyewe, mtaalamu wenu amekiri mashine inafanya kazi." Kwisha. Chumba kizima hakikusikia lingine. Nilipojaribu kurudia, Mkurugenzi akanipungia mkono kama anayefukuza nzi. "Mama, juzi ulisema haifanyi kazi, leo inafanya, kesho utatuambia nini?" Wakanisogezea karatasi. Sikuitia sahihi. Mkurugenzi akaivuta akaitia yeye, kumbe kanuni ina mwanya wa namna hiyo na mimi sikuwahi kuusoma.

Leo asubuhi nimepewa barua ya kustaafu mapema. Wenzangu wawili wamepelekwa ghalani, wawili hawajaambiwa lolote. Mmoja wao amepita mbele yangu bila kunisemesha. Programu yangu itazimwa mwezi ujao. Nimewaandikia maelezo ya kuiwasha, maana najua watayatafuta.

Mama yako


Mei 27

Mama!

Hata shikamoo haitoki. Nilikwambia unyamaze! Nilikuomba mara ngapi? Ulikuwa umeshinda, na ulikuwa SAHIHI, hiyo mashine haifai kwa malori, mimi ninayeifanyia kazi nakwambia! Katika chumba kile hakuna hata mmoja ambaye angejua, si leo, si mwakani. Wenzako wangekuwa kazini. Dawa zingefika. Ukaenda ukafungua mwenyewe mdomo wako kwa ajili ya mstari mmoja wa programu! Kwa nini, mama? Sasa najilaumu mimi. Bora ningekuacha uamini ulivyoamini.

Mwanao


Juni 3

Mwanangu,

Marahaba, nimeiitikia hata kama hukuitoa. Sisi wazima. Usilie, na usile mikate mikavu kwa hasira, nakujua.

Uliyoyasema yote ni kweli. Wenzangu nimewaponza. Nimekwenda kwao mmoja mmoja. Watatu walinikaribisha ndani, wa nne aliniacha nimesimama mlangoni, na nilistahili. Nimemwandikia Mkurugenzi kumwomba awaweke wote ghalani kwa kuwa hawakuhusika. Hajajibu. Nitamwandikia tena mpaka anichoke. Na dawa zikianza kuchelewa nitakuwa wa kwanza kujua, na sitakuwa na mamlaka ya kufanya lolote, na hilo linaniuma kuliko barua yao.

Unaniuliza kwa nini. Baba yako naye ameniuliza, nikampa jibu la heshima, kwamba kosa la programu likijulikana halifichwi. Ni kweli, lakini wewe sikudanganyi. Makosa ya programu nimeyaficha mengi tu, nikayarekebisha kimyakimya, na nikalala usingizi mzuri.

Hili nilishindwa kulala nalo. Kila nilipoiendesha ile programu ndogo, sifuri zilikuwa zinashuka tu kwenye skrini, nami nawaza: hiki ndicho mwanangu anachokifanya, kumbe ni kizuri hivi. Kila siku nilikuwa naiendesha, si kwa kuhakikisha, nilikuwa napenda kuiona. Na nimewaambia watu ni utapeli. Wewe unasema hakuna aliyejua katika chumba kile. Nilikuwemo mimi.

Ningenyamaza ningekuwa na kazi. Na wewe ungeendelea kuniandikia, shikamoo mama, goti vipi, na wala usingelitaja tena, maana ndivyo ulivyo. Ila ungejua. Ungejua kwamba mama yako alikutukana mbele ya watu, akala keki, akaligundua kosa lake, akanyamaza.

Kazi nilikuwa naipenda sana, mwanangu, usifikiri sikuipenda. Lakini ningekutazama vipi usoni?

Mama yako